Nguvu za Farasi za Kwenye Kibao na Maji Yanayofika Shambani

Kila mwaka masika yanapokwisha na mito kuanza kushuka, makatibu wa vyama vya msingi huletewa vijitabu vya maelezo ya pampu ndogo za maji. Pampu hizo huendeshwa kwa petroli, hubebwa na watu wawili, na bei yake ni nafuu kiasi kwamba hata chama kichanga chaweza kuinunua kwa michango ya msimu mmoja. Katika karatasi zake huandikwa kwa herufi kubwa: nguvu za farasi 7, lita 1,000 kwa dakika, hupandisha maji mita 30. Bodi ya chama husoma tarakimu hizo, hugawanya maji kwa ekari, kisha hupeleka hesabu mbele ya Mkutano Mkuu. Wanachama huchanga kwa kadiri ya ekari zao. Siku ya kuwashwa mashine, maji huzitosha ekari tano au sita zilizo karibu na mto, ilhali waliochanga ni wenye ekari kumi na mbili.

Mabishano yanayofuata hujulikana. Mwendesha mashine hulaumiwa kwamba hajui kazi. Fundi huitwa, hufungua kabureta, huifunga tena na kudai malipo yake. Katibu naye huanza kutazamwa kwa jicho la pembeni, kana kwamba alikula njama na muuzaji. Lakini mara nyingi mashine ni nzima na fedha zote zimo katika hati. Kosa lilitangulia kabla ya mashine kununuliwa, pale ambapo tarakimu tatu za kwenye kibao zilichukuliwa kama ahadi moja, wakati kila mojawapo ni kweli kwa hali yake peke yake, na hali hizo tatu hazikutani shambani hata siku moja.

Ni jambo la faraja kwamba kibao hicho hicho, kikisomwa ipasavyo, chaweza kutoa makadirio yaliyo karibu na ukweli. Hesabu zinazohitajiwa ni za kuzidisha na kugawanya, na vifaa vya kuthibitisha ni pipa, saa ya mkononi na chupa ya lita moja.

Asili ya kipimo cha farasi

Katika miaka ya 1780 James Watt, mhandisi wa Uskoti, alihitaji njia ya kuwaeleza wanunuzi ukubwa wa mashine zake za mvuke. Wanunuzi hao walikuwa wakizungusha vinu vyao kwa farasi, kwa hiyo akapima kwa farasi. Alikadiria kwamba farasi mmoja aweza kuinua ratili 33,000 kwa kimo cha futi moja katika dakika moja. Kwa vipimo vya sasa kazi hiyo ni sawa na wati 746. Nchi za Ulaya zilizotumia kilo na mita ziliweka farasi wao, ambaye huinua kilo 75 kwa kimo cha mita moja katika sekunde moja, yaani wati 735 na nusu. Tofauti ya farasi hao wawili ni ndogo, na katika mambo ya pampu yaweza kuachwa.

Hivyo kipimo chenyewe kilizaliwa sokoni, katika kuuza. Hata hivyo, Watt alimpa farasi wake kazi kubwa kuliko ile ambayo farasi wa kawaida angeweza kuiendeleza kutwa nzima, na kwa sababu hiyo mnunuzi wa mashine ya farasi kumi hakuwa na haja ya kunung'unika. Siku hizi hila ya kipimo imegeuzwa, ikamwelekea mnunuzi. Wanachama wenye redio ndogo zilizoandikwa wati mia kadhaa, nazo huendeshwa kwa betri nne za tochi, wanaijua hila hiyo kwa majirani.

Jinsi tarakimu ya farasi inavyokuzwa

Ipo njia ya kukuza nguvu za injini bila kusema uongo wa moja kwa moja. Kwanza, injini yaweza kupimwa kiwandani ikiwa tupu, bila kichujio cha hewa wala chombo cha kupunguza kelele cha bomba la moshi. Vitu hivyo viwili huizuia injini kupumua, na vikiondolewa nguvu huongezeka. Lakini hakuna mkulima atakayeendesha injini yake kando ya mto wenye vumbi bila kichujio, labda kama anataka kuizika kabla ya mwaka kwisha. Pili, nguvu yaweza kupimwa kwa mwendo mkubwa kuliko ule ambao injini hufungiwa kazini. Injini nyingi ndogo za petroli hufanya kazi kwa mizunguko 3,600 kwa dakika. Ikiwa kibao kinataja nguvu kwa mizunguko 4,000, nguvu hiyo haitatumika. Tatu, hutajwa nguvu ya juu kabisa ambayo injini huweza kuitoa kwa muda mfupi, si ile inayoweza kuendelezwa saa nane mfululizo.

Jambo hili halikuzuka Afrika. Nchini Marekani wanunuzi wa mashine za kukatia majani walifungua kesi mwaka 2004, wakidai kwamba nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye injini zilizidi zile halisi. Mashauri hayo yalimalizwa kwa makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama ya shirikisho mjini Milwaukee mwaka 2010. Wanunuzi walipewa fidia na kuongezewa muda wa dhamana, na watengenezaji wakakubali utaratibu mpya wa kupima na kukaguliwa. Katika miaka hiyo hiyo baadhi ya watengenezaji walianza kuandika nguvu halisi, yaani zile zinazopatikana injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Injini ya Honda GX200, ambayo zamani ilijulikana kama ya farasi 6.5, sasa huandikwa farasi 5.5, au kilowati 4.1, kwa mizunguko 3,600. Injini ni ile ile. Kilichobadilika ni kipimo.

Mfano huo wampa Katibu kipimo cha kulinganishia. Injini ya petroli ya mipigo minne haiwezi kutoa nguvu nyingi kuliko hewa inayoivuta, na hewa hiyo hutegemea ujazo wa silinda pamoja na mwendo. GX200 ina ujazo wa sentimita 196. Ukigawanya kwa farasi 5.5, kila farasi anahitaji sentimita za ujazo 36 hivi. Injini kubwa zaidi za aina hiyo hufika sentimita 33 kwa farasi mmoja. Kwa hiyo yafaa kuchukua sentimita za ujazo 35 kwa kila farasi halisi, kwa mizunguko 3,600. Ujazo wa silinda huandikwa kwenye kibao au hupigwa chapa kwenye mwili wa injini, nao si rahisi kuukuza, maana fundi yeyote aweza kuifungua silinda na kuipima. Injini ya sentimita 196 iliyoandikwa farasi 7 au 7.5 imezidishiwa farasi mmoja na nusu au wawili. Hapo panahitajika maelezo ya muuzaji, na muuzaji mwaminifu huyatoa bila kukasirika.

Wazee waliosaga mahindi kwa mashine za dizeli za Lister wanakumbuka hali tofauti. Injini ile ya silinda moja, yenye magurudumu mawili makubwa, iliandikwa farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika, nayo ilitoa farasi hao sita kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ilikuwa nzito mno, haibebeki na watu wawili. Wepesi na unafuu wa injini za petroli za leo ni faida ya kweli kwa mkulima mdogo, na makala haya hayaubezi. Ila farasi wa Lister na farasi wa kijitabu hawalingani, na haifai kuwaweka katika safu moja ya hesabu.

Limo pia jambo la mwinuko wa nchi. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo hewa ilivyo nyepesi, na injini hukosa pumzi. Kwa kadirio la kawaida, injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hupoteza asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Chama cha pwani hakina haja ya kuliwaza jambo hili. Chama kilicho katika nyanda za juu za Iringa au Mbeya, ambako mashamba mengi yako zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hupoteza kama asilimia 15 kabla hata bomba halijaunganishwa.

Lita na mita hazisomwi pamoja

Hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi, kubwa kuliko lile la farasi. Kijitabu husema pampu hutoa lita 1,000 kwa dakika na hupandisha maji mita 30. Msomaji huelewa kwamba lita 1,000 zitapanda mita 30. Sivyo. Lita 1,000 ni kiasi kinachotoka pale pampu inapomwaga maji kando yake tu, bila kuyapandisha po pote. Mita 30 ni kimo ambacho maji husimama ndani ya bomba yasiweze kupanda zaidi, na wakati huo kiasi kinachotoka ni sifuri. Ni miisho miwili ya mstari mmoja. Kazi ya shambani hufanyika katikati ya mstari huo.

Uthibitisho umo katika kibao chenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja, na farasi huinua kilo 75 mita moja kwa sekunde. Kwa hiyo lita kwa sekunde zikizidishwa kwa mita za kimo, na jibu likagawanywa kwa 75, hupatikana farasi waliomo ndani ya maji. Lita 1,000 kwa dakika ni lita 16.7 kwa sekunde. Zikipanda mita 30 ni 500; ukigawanya kwa 75 ni farasi 6.7. Lakini pampu ndogo za aina hii hupoteza kama nusu ya nguvu zinazopewa, kwa msukosuko wa maji na mianya iliyomo ndani yake. Ili farasi 6.7 wawemo katika maji, injini ingepaswa kutoa farasi 13. Kibao kimeandika 7. Ni dhahiri kwamba kibao kinajipinga chenyewe ikiwa tarakimu zake zitasomwa kwa pamoja.

Watengenezaji wenye kuaminika hutoa mchoro wenye mstari unaoonyesha, kwa kila kimo, ni lita ngapi zitatoka. Katibu aulize mchoro huo kabla ya jambo lingine lolote. Kwenye mchoro, kimo huandikwa upande wa kushoto na kiasi cha maji chini. Mtu hutafuta kimo cha shamba lake, huenda kulia mpaka kwenye mstari, kisha hushuka kusoma lita.

Kimo cha shamba nacho hakiishii kwenye mwinuko wa ardhi. Kimo cha jumla huanzia kwenye uso wa maji mtoni, si penye pampu, hupanda mpaka mdomo wa bomba shambani, kisha huongezewa upotevu unaotokana na msuguano wa maji ndani ya bomba. Upotevu huo ndio unaosahauliwa mara nyingi. Bomba la inchi 3 likipitisha lita 8 kwa sekunde hula takriban mita 4 za kimo kwa kila mita 100 za urefu. Maji hayo hayo yakilazimishwa kupita katika bomba la inchi 2, hula zaidi ya mita 30 kwa kila mita 100. Kwa maneno mengine, chama kinachonunua pampu ya inchi 3 kisha kikabana matumizi kwa kununua bomba la inchi 2 hutumia karibu nguvu zote kusugua plastiki.

Upande wa kunyonya una mpaka wake. Pampu haivuti maji kwa nguvu zake. Hutoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Usawa wa bahari hewa hiyo haiwezi kuyainua maji zaidi ya mita 10 na sehemu tatu za kumi, hata pampu ingekuwa kamili isiyo na dosari, na katika kazi halisi mita 7 ndiyo hesabu ya busara. Penye mwinuko wa mita 1,500 mpaka huo hupungua kwa kama mita 1.7, na mita 5 tu ndizo za kutegemewa. Pampu iliyowekwa juu ya kingo, mbali na maji ili isichukuliwe na mafuriko, hupoteza kazi kwa sababu hii. Hakuna farasi wa kuongeza watakaoitibu hali hiyo; dawa yake ni kuishusha pampu karibu na maji na kuipandisha jioni.

Hesabu ya chama cha ekari kumi na mbili

Uchukuliwe mfano wa chama chenye shamba la mboga katika nyanda za juu, mita 1,500 juu ya bahari. Uso wa mto uko mita 14 chini ya mfereji mkuu, na bomba la inchi 3 lina urefu wa mita 140. Msuguano utakula kama mita 6, na kimo cha jumla kitakuwa mita 20. Pampu iliyokusudiwa ni ile iliyoandikwa farasi 7, nayo ina injini ya sentimita 196.

Farasi halisi, kwa kugawanya 196 kwa 35, ni 5.6, kumi ya moja ikiachwa ili injini ifanye kazi kutwa bila kuungua, hubaki 5. Mwinuko wa nchi huchukua asilimia 15, wanabaki 4.25. Pampu hupoteza nusu, na farasi wanaoingia katika maji ni 2.1. Ukizidisha kwa 75 na kugawanya kwa mita 20, hupatikana lita 8 kwa sekunde, yaani lita 480 kwa dakika. Siyo nusu ya ile elfu moja.

Upande wa mahitaji, siku za jua kali mboga huweza kutumia maji ya kina cha milimita 6 kwa siku. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, hivyo ni lita 24,000 na zaidi kidogo. Mifereji ya udongo hunywa na kumwaga kwa wingi. Ikipoteza asilimia 40, ni lazima pampu itoe lita 40,000 kwa kila ekari. Kwa hesabu ya kijitabu, lita 1,000 kwa dakika kwa saa nane ni lita 480,000, nazo zinatosha ekari 12 barabara. Kwa hesabu halisi, lita 480 kwa dakika kwa saa nane ni lita 230,400, na ekari zinazotosheka ni sita kasoro. Wanachama wa ekari sita nyingine wamechangia mashine ambayo haitawafikia, na kwa kuwa maji huanza kwa walio karibu na mto, ni wale wale wa mwisho wa mfereji watakaokosa kila mara.

Ni vema bodi ijue hayo kabla ya kupitisha azimio, kwa sababu njia zipo na zote zina gharama. Pampu hiyo hiyo yaweza kuendeshwa saa 16 kwa zamu mbili, ikiwa injini ni imara na mafuta yapo. Mifereji yaweza kusakafiwa au kubadilishwa kwa mabomba, na maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo yakaongeza ekari mbili au tatu. Pampu mbili ndogo zaweza kununuliwa badala ya moja, kila moja na bomba lake, na faida yake ni kwamba moja ikiharibika mimea haifi yote. Njia ya nne ni injini kubwa. Kwa kurudi nyuma katika hesabu ile ile, lita 16.7 kwa sekunde kwa kimo cha mita 20 zahitaji farasi 4.4 ndani ya maji, karibu 9 kwenye mhimili wa injini pale shambani, na kama 11.6 halisi kwa kipimo cha usawa wa bahari. Hiyo ni injini ya sentimita 390 hadi 400, ambayo madukani huandikwa farasi 13. Bomba lake liwe la inchi 4, kwa kuwa katika bomba la inchi 3 maji mengi kiasi hicho yatakula kimo chote kwa msuguano. Wengi hununua injini kubwa na kubakiza bomba la zamani, kisha hushangaa kwamba petroli imeongezeka na maji hayakuongezeka.

Kupima kwa pipa na kwa chupa

Baada ya hesabu hufuata jaribio, nalo lifanywe kabla ya malipo ya mwisho. Pampu iwekwe mahali pake pa kazi, na bomba lake lote litandikwe mpaka kwenye mfereji. Kupima karibu na mto kwa bomba fupi la muuzaji hakuna maana, kwani huo ni mwisho ule wa mstari unaompendeza muuzaji. Injini iache ipate moto kwa robo saa. Kisha pipa la lita 200, ambalo ujazo wake umehakikiwa kwa madebe kumi ya lita 20, liwekwe chini ya mdomo wa bomba bila kuuinua mdomo juu ya kimo kilichokusudiwa. Afadhali kuchimba shimo na kulishusha pipa. Mtu mmoja aelekeze maji, mwingine ashike saa. Ipimwe mara tano na kuchukuliwa wastani.

Pampu ya lita 1,000 kwa dakika ingelijaza pipa hilo kwa sekunde 12. Pampu ya mfano uliotajwa italijaza kwa sekunde 25. Sekunde 40 zikifika, kuna jambo: huenda hewa inaingia kwenye maungio ya bomba la kunyonyea, huenda chujio la chini limezibwa na majani, au injini haifikii mwendo wake. Mambo hayo yakaguliwe kwanza, kwa haki ya muuzaji pia. Yakiwa sawa na sekunde zikabaki 40, mashine haifai kwa kazi hiyo.

Jaribio la pili ni la mafuta, na wengi hawalijui. Injini ndogo ya petroli ya mipigo minne hutumia kama theluthi moja ya lita kwa kila farasi mmoja kwa saa moja. Nguvu haziwezi kutoka pasipo mafuta kuingia. Tangi lijazwe mpaka alama, pampu ifanye kazi saa moja kamili ikiwa na mzigo wake wote, kisha mafuta yaliyopungua yarudishwe kwa chupa ya lita moja huku yakihesabiwa. Injini inayotoa farasi 7 kwa kweli ingekula lita 2.3 kwa saa. Ikila lita 1.4, inatoa farasi wanne na kidogo, hata kibao kikiandikwaje. Ikila lita 2.3 na pipa bado linajaa kwa sekunde 25, basi injini inakula mafuta ya farasi ambao maji hayawaoni, na fundi aangalie kabureta pamoja na pampu yenyewe.

Jaribio hili humsaidia pia mtunza hazina. Lita 1.4 kwa saa kwa saa nane ni lita 11 kwa siku. Zikigawanywa kwa ekari 12 za kwenye karatasi, kila ekari hudaiwa pungufu ya lita moja; zikigawanywa kwa ekari zinazomwagiliwa kweli, kila ekari hudaiwa karibu lita mbili. Chama kilichoweka ada ya maji kwa hesabu ya kwanza kitaishiwa fedha za petroli katikati ya msimu, wakati mimea inaweka matunda.

Masharti ya kuandika katika ununuzi

Ankara kifani isiyotaja ujazo wa silinda, nguvu halisi kwa kilowati na mizunguko inakopatikana, na lita zitakazotoka kwa kimo cha jumla cha chama, irudishwe kwa muuzaji ijazwe. Maneno ya mdomo dukani hayatoshi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inatambua kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo ni lazima ilingane na maelezo hayo. Lakini mnunuzi hunufaika na kanuni hiyo pale tu maelezo yalipo dhahiri. "Lita 1,000 kwa dakika" ni maelezo ambayo muuzaji aweza kuyatetea kwa kumwaga maji uani kwake. "Lita 480 kwa dakika kwa kimo cha jumla cha mita 20" hayana pa kukimbilia.

Sehemu ya bei ibakizwe mpaka jaribio la shambani lifanyike mbele ya mwakilishi wa muuzaji, na matokeo yatiwe sahihi na pande zote mbili. Wauzaji wengine hukataa sharti hilo kwa mashine moja ya bei ndogo. Vyama vitatu au vinne vikiagiza pamoja kupitia chama kikuu, huwa wepesi kukubali. Kwa ununuzi mkubwa, ushauri waweza kutafutwa CAMARTEC, Arusha, kituo kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia za vijijini.

Matokeo ya jaribio la kwanza yaingizwe katika daftari la mashine: tarehe, kimo, sekunde za pipa, na mafuta ya saa moja. Jaribio lirudiwe Septemba au Oktoba, mto unapokuwa umeshuka kabisa, kwani kimo cha mwezi Juni si kimo cha Oktoba, na mita mbili za maji yaliyopungua huonekana kwenye saa. Sekunde zikitoka 25 kufika 32 na kimo hakikubadilika, pampu ifunguliwe kabla ya injini kuguswa. Mara nyingi mchanga wa mtoni huwa umekula gurudumu la ndani linalosukuma maji, na kulibadilisha ni rahisi kuliko kuitengeneza injini ambayo haijaugua.